Jeki: Jina la Mtu Lililogeuka Chombo

Jeki ni chombo cha kuinulia kitu kizito kimo kidogo ili kazi ifanyike chini yake au kando yake. Haihamishi mzigo kama winchi wala haiuvuti kama roda. Kazi yake ni kunyanyua, kushikilia na kushusha. Katika Kenya ya leo neno hili lina makao mawili. Makao ya kwanza ni gereji, kituo cha mafuta na kando ya barabara. Ya pili ni gazeti, mkutano wa hadhara na chama cha akina mama, ambako watu, shule na biashara hupigwa jeki bila mtu yeyote kushika chuma. Maana zote mbili zimetokana na neno moja la Kiingereza, jack, na neno hilo lilikuwa jina la mtu karne kadhaa kabla ya kuwa jina la chombo.

Kwa chombo chenyewe, mahali pa kukitazama kikiwa kazini ni Salgaa, katika kaunti ndogo ya Rongai. Rongai hii ni ile ya Nakuru, si Ongata Rongai ya Kajiado, ingawa majina yote mawili yana neno la Kimaasai lenye maana ya -embamba. Salgaa imekua kwa ajili ya malori. Iko kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kuelekea Eldoret na mpaka wa Malaba, na magari yanayobeba shehena kutoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na Kongo hupumzika hapo kabla ya kuupanda mlima wa kuelekea Mau Summit au baada ya kuuteremka.

Trela likipata pancha hapo, taniboi, yaani msaidizi wa dereva, hushuka kwanza na jiwe la kuzuia gurudumu, kisha hutandika matawi mabichi nyuma ya gari ili wanaokuja wajue njia imezibwa. Nati za gurudumu hulegezwa kidogo gari likiwa bado chini, kwa sababu gurudumu lililoinuliwa huzunguka pamoja na spana. Kipande cha gogo huwekwa ardhini, na juu yake husimamishwa jeki ya mafuta, fupi na nene mfano wa chupa, chini kabisa ya ekseli. Taniboi hukaza kijiparafujo kilicho ubavuni, huchomeka mpini na kuanza kuupandisha na kuushusha. Kila anapokandamiza, gari hupanda unene wa kucha. Baada ya dakika kadhaa tairi huachana na lami, na mtu mmoja wa kilo 60 huwa ameinua upande wa gari ambao watu 20 wasingeweza kuutikisa.

Jina la chombo hicho lilianzia mbali na barabara. Katika Kiingereza cha Zama za Kati, John lilikuwa miongoni mwa majina ya wanaume yaliyoenea kuliko yote. Watu walilifupisha na kulidekeza likawa Jankin, likapita kwenye Jackin na kuishia Jack. Wengi hudhani kwamba Jack limetokana na Jacques la Kifaransa kwa sababu yanafanana masikioni, lakini Jacques ni Yakobo, na Jack ni Yohana. Kufikia karne ya 14 jina hilo lilikuwa la kawaida mno hata likaacha kumtaja mtu fulani. Jack akawa mtu yeyote wa tabaka la chini: kijana wa mtaani, mfanyakazi wa shamba, mtumishi wa jikoni. Alama za matumizi hayo zimo bado katika maneno ya Kiingereza yanayomtaja baharia, mkata magogo au mtu anayejua kila kazi kidogo kidogo, kwani yote yana jack ndani yake.

Kutoka kwa mtumishi jina lilihamia kwenye mashine iliyomwondolea kazi. Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka jikoni. Katika nyumba kubwa za Uingereza nyama ilichomwa kwenye upondo wa chuma mbele ya moto, na mvulana alikaa hapo saa nzima akiuzungusha ili nyama isiungue upande mmoja. Karne ya 16 ilipokuwa ikielekea ukingoni, jikoni humo mlikuwa na mashine za uzito na magurudumu ya meno zilizouzungusha upondo zenyewe. Mashine iliitwa jack, kama ambavyo mvulana angeitwa. Hali kadhalika, ubao wenye pengo la kubania kisigino, ambao mtu aliutumia kuvulia buti zake, ulipewa jina hilo kwa kuwa hapo awali kuvua buti za bwana ilikuwa kazi ya mtumishi. Kila kifaa kilichosaidia mkono, kikafanya kazi nzito bila kulalamika, kilistahili kuitwa jack machoni pa watu wa wakati huo.

Chombo cha kuinulia kilipata jina lake katika mkondo huohuo, na kufikia mwanzo wa karne ya 18 Waingereza walikuwa wakiliandika kwa maana hiyo. Kifaa chenyewe kina umri mkubwa kuliko jina. Villard de Honnecourt, msanii wa Ufaransa wa karne ya 13, aliacha katika daftari lake mchoro wa mtambo wa parafujo wa kuinulia vitu vizito. Parafujo ndiyo siri ya jeki za mwanzo. Mpini wenye urefu wa sentimita 50 ukizungushwa mara moja, ncha yake husafiri takriban sentimita 314. Ikiwa meno ya parafujo yameachana kwa sentimita 1, mzigo hupanda sentimita 1 tu. Nguvu hutawanywa katika safari ndefu ya mkono na kurudi ikiwa imekusanywa katika safari fupi ya chuma. Msuguano hula zaidi ya nusu ya nguvu hiyo, lakini ndio pia unaozuia parafujo isijifungue yenyewe mtu anapouachia mpini.

Jeki ya mafuta hufuata kanuni nyingine. Blaise Pascal, mwanafizikia wa Ufaransa wa karne ya 17, alionyesha kwamba kimiminika kilichofungiwa hupeleka shinikizo sawasawa kila upande. Mwaka 1795 Joseph Bramah alipata hataza ya mtambo wa kukandamiza kwa maji nchini Uingereza, na mwaka 1851 Richard Dudgeon wa New York alipata hataza ya jeki ya kimiminika inayobebeka. Ndani ya jeki ya namna hiyo mna pistoni mbili, nyembamba na nene. Tuseme nyembamba ina eneo la sentimita 1 ya mraba, nene ina sentimita 30, na mpini unazidisha nguvu ya mkono mara 10. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ekseli moja yenye matairi manne huruhusiwa kubeba hadi tani 10, kwa hiyo upande mmoja wake hubeba kama tani 5. Mkono ukikandamiza kwa nguvu ya kilo 17, pistoni nyembamba husukumwa kwa nguvu ya kilo 170, na nene huinua zaidi ya kilo 5,000. Gharama yake ni mwendo: pistoni nyembamba ikishuka sentimita 3, nene hupanda milimita 1. Ndiyo maana gari hupanda unene wa kucha kwa kila mkandamizo. Vali ndogo huzuia mafuta yasirudi nyuma, na kile kijiparafujo cha ubavuni kikilegezwa, mafuta hurejea kwenye tangi lake na gari hushuka.

Nje ya gereji, jack liliendelea kutambaa katika Kiingereza kupitia maana nyingine mbili za mtu wa chini: udogo na uanaume. Kwa upande wa udogo, bendera ndogo inayopeperushwa kwenye omo ya meli iliitwa jack, na bendera ya Uingereza ikapata jina la Union Jack. Kwa upande wa uanaume, dume la punda liliitwa jack.

Kwenye karata, jack ndiye mtumishi wa mfalme. Zamani Waingereza wenye cheo walimwita kwa neno jingine, knave, na kumwita jack kulionekana ni ushamba. Katika riwaya ya Charles Dickens, Great Expectations, iliyotoka mwaka 1861, binti mmoja mwenye majivuno humdharau mvulana wa fundi chuma kwa kosa hilo hasa. Jina la kishamba ndilo lililoshinda. Watengenezaji wa karata walipoanza kuandika herufi kwenye pembe, K ya mfalme na Kn ya mtumishi zilichanganyikana, na J ikaondoa utata. Katika vitabu vya Kiswahili cha pwani karata hiyo huitwa mzungu wa tatu. Vijana wa Kenya wanaocheza kadi kwa mtindo wao, wakiwemo mataniboi wanaosubiri mizigo, wanaijua J kwa kazi yake tu: ikitupwa, mchezaji anayefuata hurukwa.

Karata hiyo ilizaa neno jingine ambalo Wakenya hulisikia kila wikendi, jakpoti. Katika aina moja ya mchezo wa poka uliochezwa Marekani katika karne ya 19, mchezaji hakuruhusiwa kufungua dau bila kuwa na jozi ya J au iliyo bora zaidi. Dau lililimbikizwa raundi baada ya raundi mpaka apatikane mtu mwenye jozi hiyo, na donge hilo ndilo lililoitwa jakpoti. Tundu la simu na la spika nalo huitwa jack, lakini kwa njia ya mzunguko. Charles Scribner, mhandisi wa kampuni ya Western Electric ya Chicago, alibuni swichi ya mitambo ya simu katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Ilifanana na kisu cha kukunja, ambacho kwa Kiingereza ni jackknife, na jina la kisu likafupishwa na kubaki kwenye tundu.

Si kila neno lenye sauti hiyo ni la ukoo. Tunda la fenesi kwa Kiingereza ni jackfruit, lakini hakuna Jack aliyelipanda. Neno limetoka chakka katika Kimalayalam cha kusini mwa Bara Hindi, likabebwa na Wareno wakilitamka jaca, na masikio ya Waingereza yakalishona kwenye neno walilolizoea. Kiswahili kilichukua jina la tunda hilohilo kwa mlango mwingine, kutoka phanas la lugha za Bara Hindi, likawa fenesi. Bweha naye kwa Kiingereza ni jackal, neno la Kiajemi lililopitia Kituruki.

Lugha nyingine ziliita jeki kwa majina yao, na nyingi hazikumfikiria mtumishi. Kifaransa kina cric, neno linalosikika katika gereji za Kongo na Burundi. Kihispania kinaiita gato, yaani paka. Kireno kinaiita macaco, yaani kima, na ndivyo isemwavyo Maputo na Luanda. Hapo pana safari ya kwenda na kurudi, kwa sababu macaco ni neno ambalo Wareno walilichukua kutoka lugha za Kibantu za pwani ya Kongo. Lilitoka Afrika likimtaja mnyama, likarudi likiinua magari.

Kiswahili pia kina mazoea ya kukipa chombo jina la kiumbe. Kibao chenye ulimi wa chuma cha kukunia nazi ni mbuzi, na mafundi wa Nakuru hata Dar es Salaam huiita spana inayorekebishwa kuwa spana malaya, kwa kuwa haikatai nati ya kipimo chochote. Jina hilo halitajwi mbele ya wakwe, lakini mantiki yake inafanana na ile iliyomzaa jack: jina la mtu anayedharauliwa hupewa chombo kinachofanya kazi nyingi. Spana yenyewe ilitoka Kijerumani, spannen, yaani kukaza, na Waingereza waliitumia kwanza kwa ufunguo wa kukazia springi ya bunduki. Parafujo ni parafuso ya Wareno, na msumari na mkasi ni vya Waarabu. Kisanduku cha fundi yeyote wa Rongai kimejaa historia ya bahari na bara.

Kabla ya jeki kufika, Waswahili hawakukosa njia ya kuinua vitu vizito. Walikuwa na kabari na roda, na zaidi ya yote walikuwa na wenzo: mti au chuma kinachotiwa chini ya kitu ili kukinyanyua au kukisogeza, kama vile jahazi linapopandishwa pwani. Wingi wake ni nyenzo. Neno hilo leo halikumbushi mti wala jahazi. Mwalimu akitaja nyenzo za kufundishia, au mkulima akilalamika kwamba hana nyenzo, wanazungumzia njia na uwezo wa kutenda. Kiswahili kilikuwa tayari kimezoea kukitoa chombo cha kuinulia katika mikono na kukitia katika mawazo.

Jeki iliingia bara pamoja na chuma kizito. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nakuru mwaka 1900 na Kisumu mwaka 1901, na miaka ya 1920 njia nyingine ikapita Rongai kuelekea Eldoret, ambako ilifika mwaka 1924. Palipo na reli hapakosi behewa la kurudishwa njiani, na mashamba makubwa ya walowezi kati ya Njoro, Rongai na Solai yalileta matrekta na malori. Neno lilifuata matamshi ya Kiswahili kama wenzake. Sauti ya katikati ikasikika kuwa e, kama ilivyokuwa katika benki, meneja na trekta, na irabu ikaongezwa mwishoni, kama katika keki na breki. Likaingia katika ngeli ya I-ZI: jeki hii imevuja, jeki hizi zimevuja. Kilichoachwa nyuma ni yule mtu. Anayesema jeki kwa Kiswahili hasikii John wala mtumishi wa jikoni. Anasikia chombo tu. Wakati huohuo, Kiingereza cha wakoloni kilikuwa kikiwaita wanaume wazima wa Kiafrika kwa neno la mvulana, na mabaki yake yako katika jina la taniboi, anayeishika jeki hiyo.

Kwa kuwa Kiswahili hutengeneza vitenzi vingi kwa kupiga, kama vile kupiga pasi, kupiga simu na kupiga randa, mafundi walipata kupiga jeki bila taabu. Kwanza ilikuwa kauli ya kazi: piga jeki upande wa dereva, usipige kwenye bampa. Kisha ikavuka. Leo vichwa vya habari vya Taifa Leo na taarifa za redio za Kenya husema wakulima wamepigwa jeki kwa mbolea ya bei nafuu, klabu imepigwa jeki na mfadhili, au utalii utapigwa jeki na barabara mpya. Mzazi mjini Rongai huomba apigwe jeki kidogo katika karo, na chama cha kuweka akiba humpiga jeki mwanachama anayefungua duka. Njia hiyo ilishapitwa na msasa, ambao kwanza ni mti wenye majani ya kukwaruza yaliyotumiwa kulainishia mbao, kisha ukawa karatasi ya fundi, na sasa vipaji na miswada hupigwa msasa.

Basi Kiingereza na Kiswahili vimelipeleka neno moja pande mbili tofauti. Kiingereza kilianza na mtu, kikamshusha cheo, kikalipachika jina lake kwenye chombo. Kiswahili kilipokea chombo kisicho na mtu, kikakirudisha kwa watu, na safari hii kwa heshima: anayepigwa jeki ameinuliwa.

Maana hiyo mpya imebaki karibu na tabia ya chombo, na hapo ndipo inapotofautiana na jamaa zake. Kusaidia ni neno pana linaloweza kuchukua msaada wa kila namna, hata ushauri. Kumshika mtu mkono ni kuwa naye, na kunaweza kuchukua muda mrefu. Kulea ni kubeba gharama zote. Kupiga jeki ni kuongeza nguvu mahali mahsusi, kwa kipimo na kwa muda, ili mwenye kazi aendelee mwenyewe. Fundi haachi gari juu ya jeki; akitaka kufanya kazi ndefu chini yake huweka stendi za chuma, kwa sababu vali ikivuja gari humwangukia. Vivyo hivyo, mwandishi makini hasemi kwamba yatima amepigwa jeki kwa kupewa makao ya kudumu, wala kwamba hospitali isiyokuwepo imepigwa jeki kwa kujengwa. Husema duka lililokuwa likiendeshwa limepigwa jeki kwa mkopo, au timu iliyokuwa ikicheza imepigwa jeki kwa jezi na mipira. Kinachopigwa jeki sharti kiwe tayari kimesimama juu ya magurudumu yake.